Rudi Nje, Bisha Tena

Madamu alitembea na jozi mbili za viatu. Moja aliivaa: raba zilizokuwa nyeupe zamani, kabla vumbi la mtaa wa Sakina halijazigeuza rangi ya chai ya maziwa. Nyingine, viatu vyeusi vya ngozi vyenye kisigino kifupi, ilikaa kwenye kikapu pamoja na chupa ya maji na kanga. Akifika kwenye geti la hoteli au kiwanda alishika ukuta kwa mkono mmoja, akabadilisha, akamwachia mlinzi raba zake, kisha akaingia ndani ameinua kidevu. Walinzi wengi wa mji huu wa Arusha wamewahi kulinda raba za Madamu, na wengine hawajui mpaka leo alikuwa nani.

Siku moja walikuja wageni kutoka kwa wafadhili wa kituo alichofundisha. Wakawakusanya walimu ukumbini, wakampa kila mmoja kadi na kalamu ya wino mzito, aandike sifa moja ya mkufunzi bora. Sisi wanafunzi tulikaa nyuma, kwa sababu tulikuwa tumesikia kuna soda. Kadi zikabandikwa ukutani: uvumilivu, ubunifu, uwazi, ushirikishwaji. Ya Madamu iliandikwa VIATU. Mgeni mmoja akacheka kwa adabu, akamwomba afafanue.

"Kazi haziji hapa kituoni," Madamu akasema. "Zinafuatwa." Akaketi.

Kadi yake waliibandika pembeni, karibu na swichi ya taa. Zile nyingine zilidondoka moja moja kadiri gundi ilivyokauka, lakini yake ilikaa pale mpaka mwisho.

Kituo kilikuwa nyuma ya mafundi magari wa Sakina, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima wasio na ajira. Nasema watu wazima, sisemi vijana. Vijana wana miradi yao. Sisi tulikuwa watu wenye watoto shuleni na mvi zinazoanza, watu ambao kazi ilituacha tukiwa bado tunaihitaji. Mimi nilikuwa mpishi msaidizi kwenye kambi ya watalii. Kambi ikafungwa, nikarudi Ngaramtoni kwa mama yangu, ambaye sisi Waarusha tunamwita yeyo, nikawa nafuata ng'ombe zake wawili huku na huku nikijifanya ninapanga mambo. Mama Glory, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa mjane kutoka Machame. Duka lake la nguo lilikufa taratibu, alisema, na yeye akiliangalia. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Ofisini palikuwa na kijana mmoja mwenye kompyuta ambaye alituita wanufaika. "Wanufaika waingie." "Wanufaika wasubiri kidogo." Madamu alimvumilia wiki nzima, kisha akamsimamisha mlangoni mbele yetu.

"Huyu ni Baba Neema," akasema akinionyesha mimi. " Yule ni Mama Glory. Mnufaika ni yupi?"

Kijana akatazama kompyuta yake. "Ni wote, Madamu. Ni neno la mradi."

"Basi lirudishe kwenye mradi," akasema. "Hawa wana majina."

Toka siku ile kijana alituita kwa majina, tena alituita mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili Madamu asikie.

Somo lake kubwa lilikuwa mlango. Hakuamini sana makaratasi. Alisema barua ya maombi inasomwa na mtu aliyechoka, lakini mtu aliyesimama mbele yako lazima umjibu. Kwa hiyo aliketi nyuma ya meza, akajifanya bosi, na sisi tukatoka nje mmoja mmoja kubisha hodi na kuomba kazi. Ukikosea alisema maneno mawili tu: "Rudi nje." Hakukasirika wala hakupandisha sauti. Ulirudi nje, ukasimama kwenye jua na mafundi magari wakikucheka, kisha ukabisha tena.

Makosa yaliyokurudisha nje yalikuwa mengi. Kutazama miguu yako lilikuwa moja. Kuanza na neno samahani lilikuwa kubwa zaidi, maana alisema hujamkosea mtu kwa kutaka kufanya kazi. Mama Glory alirudishwa kwa kuanza na shida zake, mume alivyofariki na duka lilivyofungwa, mpaka machozi yakamtoka kweli. Madamu alimpa kanga ajifute, akamwambia shida ni zake na ni za kweli, ila kamwe asizitangulize mlangoni. "Zitakupa huruma," akasema, "na huruma haina likizo wala bima." Kisha, "Rudi nje."

Mmoja wetu alijaribu kumkumbusha kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Madamu akakubali. "Ainame, ndiyo. Nani kasema alale?"

Mimi nilirudishwa kwa ajili ya salamu. Niliingia, nikamkuta bosi, nikasema, "Shikamoo."

"Mimi ni meneja," akasema Madamu. "Nimemaliza chuo juzi, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Baba mzima unaniamkia shikamoo. Niitikie marahaba? Tukishafika hapo nitakuheshimu saa ngapi?"

Nikarudi nje. Nilipoingia tena nikaona heri nikae kama mkubwa wake. Nikasimama kimya nikisubiri yule meneja wa kufikirika aniamkie mimi kwanza. Madamu akanitazama, nami nikamtazama. Nje fundi alikuwa akigonga bati.

"Baba Neema, umekuja kuomba kazi au kuposa?"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mimi nikarudi nje. Mwishowe akanifundisha salamu isiyomwinamia mtu wala kumpanda mtu kichwani: habari za kazi. Naona ni kitu kidogo ukikieleza hivi. Lakini kila mtu mzima aliyewahi kwenda kuomba kazi kwa kijana wa umri wa mpwa wake anajua jinsi salamu inavyoweza kukukwama kooni, na namna unavyoweza kukosa kazi kabla hujasema jina lako.

Jambo lililomfanya awe tofauti na wakufunzi wote niliowahi kuwaona ni kuonja. Madamu hakumpeleka mtu kwenye kazi ambayo yeye mwenyewe hajaifanya kutwa nzima. Alikwenda kwa mwajiri akamwambia, "Nina mtu anayekufaa, lakini kwanza nipe aproni." Wengine walidhani anatania. Aliosha sufuria za hoteli, akapanga matofali, akapaki unga. Aliwahi kulinda geti la ghala moja akiwa na kofia ngumu na kirungu, na bahati mbaya ndiyo siku ambayo mchungaji wake alipita na gari. Mchungaji alisimama, akashusha kioo, akamuuliza kwa upole kama kuna tatizo lolote nyumbani. Madamu akamwambia tatizo lipo, gari lake limeziba geti.

Jioni, akivua aproni, alimuuliza msimamizi maswali yaleyale kila mahali. Mtu akikosea hapa, anaambiwa pembeni au mbele za watu? Mchana mnakula pamoja au kila mtu na kona yake? Na yule aliyekuwepo kabla, aliondokaje? Swali hilo la mwisho liliwafanya wasimamizi wengi wakohoe.

Kuonja huko kulitugombanisha naye pia. Kulikuwa na shamba la maua lililotaka wanawake wa kukata na kufunga, na Mama Glory aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Madamu akaenda, akarudi na mikono iliyochanwa na miiba, akasema hapana. Msimamizi wa pale aliwafokea wanawake mbele ya wenzao, na choo kilikuwa mbali makusudi. Mama Glory alimwambia maneno makali. Alisema Madamu ana mshahara ndiyo maana anaweza kuchagua, na kwamba kwake heri kufokewa na kula kuliko kuheshimiwa akiwa na njaa. Madamu hakujitetea. Akasema, "Unaweza kuwa na haki. Ukitaka kwenda nitakupa nauli. Lakini mimi sikupeleki." Mama Glory hakwenda, na alinuna mpaka Madamu alipompatia jiko la shule moja, ambako yuko hadi leo na anawafokea wengine, ila pembeni.

Mimi aliniletea kazi ya kufua. Hoteli moja ilitaka mtu wa londri, yaani mahali pa kufulia mashuka na taulo za wageni. Nilimwambia mimi ni Mwarusha, mwanamume, nina rika langu huko Ngaramtoni, siwezi kuonekana nafua mashuka. Akaniambia ameyafua yeye kutwa, yana uzito wa ndama yakilowa, na kama rika langu lina wasiwasi lije likamue mojawapo. Nilikubali kwa hasira. Nilipomwambia yeyo, aliuliza tu kama huko wanatumia sabuni ya unga au ya mche. Hapo nikajua dunia haitaisha. Miaka imepita na sasa mimi ndiye msimamizi wa londri ile, na meneja ameniachia mimi nichague watu wake.

Sitaki mtu afikiri Madamu alikuwa malaika. Alitufundisha kuwahi kazini na yeye alichelewa kila asubuhi. Kutoka kwake Lemara hadi Sakina alisalimia kila kiumbe, na salamu zake hazikuwa za kupita. Alitufundisha upole kwa mteja, na muuza nyama wa mtaani kwao alikuwa akijificha akimwona. Aliimba kwaya kwa sauti ambayo wenzake, Walutheri wavumilivu, waliiombea.

Lakini kasoro yake kubwa ilikuwa moja, na sisi wote tuliijua. Yeye aliyetufundisha kuomba bila aibu hakuweza kuomba kitu chochote kwa mtu yeyote. Angekaa na kiu darasani mchana kutwa chupa yake ikiisha, maji yakiwa kwenye ndoo ya jirani. Mvua ikimkuta njiani na gari la mtu anayemjua likipita, angetazama upande wa Mlima Meru kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Kwa ajili yetu alibisha milango ya mji mzima. Kwa ajili yake mwenyewe hakubisha hata mmoja.

"Kinyozi hajinyoi," Mama Glory alisema.

Kwa hiyo wafadhili walipoondoka na kituo kikafungwa, hofu yetu haikuwa kama Madamu anaweza kupata kazi. Hofu yetu ilikuwa kama ataiomba. Alikuwa amevuka hamsini. Vituo vingine vilitaka wakufunzi wenye shahada na kompyuta, na watu waliomfahamu wangempa nafasi mara moja kama angefungua mdomo. Hakuufungua. Alisema anapumzika. Nikipita kwake Lemara nilikuta uani kuku wengi, kisha kuku wachache, kisha jogoo peke yake, na jogoo mwenyewe alionekana kuelewa hali ilivyo.

Nafasi ilipotokea londri, ya kukunja na kupiga pasi, nilibandika tangazo getini kama utaratibu ulivyo, kisha nikamchukua Mama Glory tukaenda Lemara. Tulikunywa chai. Nikasema kwa kuzunguka kwamba hotelini kuna nafasi, na kama yeye angependa, mimi ningeona fahari. Madamu aliweka kikombe chini.

"Mimi si mgonjwa wa kuletewa uji," akasema. Halafu akatupatia mkungu wa ndizi, akatusindikiza mpaka barabarani akizungumza habari za mvua. Tulirudi na zile ndizi. Niliumia, na niliona aibu pia, kwa sababu nilikuwa nimemfanyia kitu alichokataa tufanyiwe sisi: nilimpelekea huruma.

Wiki iliyofuata, asubuhi ya baridi ya Julai, wingu la Meru likiwa limeshuka mpaka kwenye mapaa, mlinzi alinipigia simu kutoka geti la wafanyakazi. Kuna mama, akasema, ameniachia raba.

Nikamkuta amesimama na viatu vyake vyeusi na kikapu. "Nimekuja kuonja," akasema.

Nilifurahi sana. Nilijua mara moja kwamba amepata kituo kingine na amerudi kwenye kazi yake. Nikampa aproni, nikamweka kwenye meza ya kukunjia na Upendo, binti anayekunja vizuri kuliko wote. Shuka kubwa linakunjwa na watu wawili, kila mmoja na ncha zake, mnakaribiana, mnaachana, mnakaribiana tena. La kwanza Madamu alilipotosha. La pili pia. Upendo akamvuta pembeni, nyuma ya mashine ya kukaushia ambako sauti haifiki kwa wengine, akamwonyesha. Nilimwona Madamu anaitikia kwa kichwa na kujaribu upya. Mchana tulikula makande wote kwenye benchi moja. Alasiri mgongo ulimuuma, nikaona anajinyoosha akidhani hakuna anayemtazama, lakini hakuketi.

Zamu ilipoisha alikuja ofisini kwangu, chumba kidogo chenye meza na mlango unaolia. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani.

"Mtu akikosea hapa, anaambiwa wapi?"

"Umeona mwenyewe, Madamu. Nyuma ya kikaushio."

"Nimeona. Mnakula pamoja, hilo pia nimeona. Aliyekuwepo kabla, aliondokaje?"

"Aliolewa Babati. Tulimchangia masufuria."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nikavuta kiti mbele. "Sasa niambie, unamleta nani?"

"Mama mmoja wa makamo," akasema. "Mkaidi kidogo. Mgongo unamsumbua jioni, lakini anafundishika."

"Anaitwa nani?"

Alichukua kikapu chake, akatoka, akafunga mlango. Nilibaki nimeduwaa nikidhani nimemkosea. Kisha nikasikia mlango unagongwa.

"Hodi."

Ndipo nilipoelewa. "Karibu," nikasema.

Madamu akaingia. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Samahani, Baba Neema," akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "sijui kama ile nafasi bado..."

Ningeweza kumwambia hapohapo kwamba kazi ni yake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikumbuka ule mkungu wa ndizi, nikajua nikimpa hivi atakuwa amepewa, na atakwenda nyumbani na kulala na jambo hilo, na kesho hatakuja.

"Rudi nje," nikasema.

Aliinua uso. Kwa kitambo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya bosi yeyote. Kisha kidevu chake kikaanza kucheza, akacheka kile kicheko chake cha darasani, akageuka akatoka. Nilimsikia anavuta pumzi nyuma ya mlango.

"Hodi."

"Karibu."

Aliingia ananitazama machoni. "Habari za kazi."

"Nzuri. Karibu uketi."

Aliketi. "Nimeona tangazo lenu getini, la kukunja na kupiga pasi. Nimeijaribu leo, naiweza, na jambo nisiloliweza Upendo atanifundisha. Naiomba nafasi hiyo. Naiomba mimi."

"Tunaweza pia," nikaanza, "kuangalia kama kuna uwezekano wa wewe kuwafundisha watu wapya, tukaongea na meneja..."

"Usinitengenezee kazi, Baba Neema. Iliyotangazwa ni ya kukunja."

"Basi ni ya kukunja. Jumatatu, saa moja kamili asubuhi. Ukitoka Lemara usisalimie watu wote."

"Nitawapunguza," akasema.

Mambo ya kazi yakawa yamekwisha. Nikasimama, nikazunguka meza, nikainama kidogo kama inavyopasa mbele ya mtu aliyekuzidi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, baba," akasema, akatoka haraka ili nisimwone uso.

Jumatatu alifika kabla yangu. Mlinzi aliniambia kwamba alinyoosha mkono apokee raba kama siku ile ya kwanza, na yule mama akamsalimia, akapita nazo miguuni.